Ukanda wa Chini

Nyinyi humtazama mtangazaji, kilemba kimekaa sawa, kanzu haina doa.
Mimi hutazama chini ya kidevu chake,
pale jina lake linapoingia, likakaa, likatoka.
Sekunde nne.
Hizo nne ndizo mshahara wangu.

Nilianza kwa kupiga pasi kitambaa cha kijani.
Miezi saba, studio ya Qurum, kiyoyozi cha kugonganisha meno,
nanyoosha mikunjo ili milima isivunjike
nyuma ya bwana wa hali ya hewa.
Mama akiulizwa na majirani wa Al-Khuwair,
"Azza kaajiriwa wapi?"
husema, "Kwenye runinga."
Pasi haitaji.

Aliyenipa kiti ni Bwana Varghese,
mtu wa Kerala, miaka ishirini na sita Maskati,
miwani imefungwa uzi, chai nyeusi isiyokwisha.
Kiarabu hakisemi, lakini hukipanga
kutushinda sisi tuliozaliwa nacho masikioni.
Alinichorea kwa kalamu ya risasi:
herufi za huku hushikana mikono,
ukiziachanisha neno linakufa.
Na nafasi tupu, binti, nayo ni herufi.
Iache ipumue.

Maandishi yangu yanatoka kulia,
mawazo yangu, ya Kiswahili cha jikoni kwetu, yanatoka kushoto,
yanakutana katikati ya skrini kama mashemeji
wasiojua nani aanze salamu.

Usiku ule wa kimbunga nikaambiwa: paka ramani.
Mkurugenzi alitaka rangi za kituo,
zile tulizowalipia washauri wa Dubai:
waridi, dhahabu, buluu ya maji yaliyolala.
Nikapaka.
Kimbunga kikatoka kizuri,
kinazunguka taratibu kama pindo la gauni.

Saa tano na nusu simu ikatetemeka mezani.
Shangazi Ghanima, Quriyat, nyumba iliyo kando ya wadi,
ule mto usio na maji mpaka siku ya kuua.
"We Azza, harusi ya nani hiyo kwenye runinga?
Mbona mmetupambia?"

Shangazi hasomi.
Alikuja mtu mzima kutoka Wete,
Kiarabu akakiokota sokoni, herufi zikampita.
Nilikuwa nimeandika ONDOKENI
kwa fonti safi kabisa,
na yeye ameketi na kikombe chake, anatazama waridi.

Hapo nikaelewa kazi yangu ni nini,
au niliogopa tu; sijui tofauti.
Sikumwuliza mtu. Nilifuta waridi,
nikaweka nyekundu ya nyama iliyoning'inia buchani,
nikaondoa madoido, nikachora mstari mmoja mnene
juu ya Quriyat,
na mshale unaopanda mlima.
Mhariri akanipigia kelele masikioni: "Nani kagusa?"
Picha ilikwisha kwenda hewani.
Simu tena.
"Hiyo sasa naijua. Nachukua mbuzi."
"Waache mbuzi, shangazi."
"Nachukua mbuzi."

Nilipata barua ya onyo, aya mbili, fonti mbovu.
Ninayo mpaka leo ndani ya mtoto wa meza.
Nyekundu ile ilibaki;
mwaka uliofuata ikaitwa kiwango cha kituo
na shukrani zikapelekwa Dubai.

Sasa nina wasaidizi watatu.
Mmoja anapenda vivuli kuliko maneno, nitamtoa tabia hiyo.

Bwana Varghese alipostaafu hapakuwa na keki.
Lakini orodha ya majina mwisho wa taarifa,
ile mnayoizima kabla haijaisha,
kasi yake naipanga mimi.
Majina yote hupita mbio kama mbuzi waliofunguliwa.
Lake nikalisimamisha.
Sekunde moja, fremu ishirini na tano,
na kulizunguka pande zote, nafasi tupu.

Hakuna aliyelalamika.
Sidhani kama kuna aliyeona,
ila yeye, labda,
kama hakuwa anafunga mabegi.